Uliza Fundi: Mlango, Paa na Tapi za Gari la Spoti la Zamani

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu ndani ya gari: skai (ngozi bandia), tapi (zulia la gari), vibao vya milango, kitambaa cha paa. Mvua zimekaribia na wengi wanataka kumaliza kabla hazijaanza. Tumejibu kwa urefu mambo mawili yanayoharibu kazi nyingi kuliko mengine, yaani maji ndani ya mlango na gundi ya paa. Yaliyobaki tumeyajibu kwa kifupi.

Nina MGB ya 1969 hapa Kampemba, Lubumbashi. Mwaka jana mwezi wa nane nilitengenezewa vibao vipya vya milango kwa tripleksi (plaiwudi), vikafunikwa skai nyeusi. Vilipendeza. Kufika mwezi wa kwanza sehemu ya chini imevimba, skai imeachia, na klipsi zimeng'oka na vipande vya mbao. Naambiwa skai ndiyo mbaya. Ni kweli?

Hapana, ndugu. Skai haina kosa. Kibao chako kimekunywa maji.

Kioo cha mlango hakizuii maji yote. Mvua ikinyesha, maji hushuka juu ya kioo, hupenya kwenye mpira wa kufutia, na kuingia ndani ya bati la mlango. Waliounda gari walilijua hilo, ndiyo maana chini kabisa ya mlango kuna matundu ya kutolea maji, na kati ya bati na kibao kuna karatasi ya nailoni. Karatasi hiyo ikivuliwa na isirudishwe, matone yote huangukia mgongo wa kibao. Tripleksi isiyopakwa kitu hunywa maji kama mkate kwenye chai, na huanzia ukingoni, mahali ambapo mbao imekatwa.

Basi anza na mlango wenyewe kabla ya kuagiza skai nyingine. Zibua matundu ya chini kwa waya mgumu. Mara nyingi yamejaa udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Pandisha kioo, mimina lita moja ya maji polepole juu yake kwa nje, kisha tazama chini. Maji yatoke mara moja, yasibaki mlangoni. Yakikawia, endelea kuzibua. Mpira wa kufutia kioo ukiwa umekauka na kupasuka, badilisha sasa, kwa sababu baadaye utalazimika kuvua kila kitu tena. Ndani ya bati paka nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure, hulainisha mipira na kufanya gundi isishike. Usiitumie.

Karatasi ya nailoni iwe na unene wa mikroni 150 hadi 200. Ile nyepesi ya mifuko ya sokoni huchanika ndani ya mwaka. Ikate iwe kubwa kuliko uwazi wa bati kwa sentimita 3 kila upande. Ibandike kwa kamba ya mastiki ya butili, ile isiyokauka, ukizungusha pande mbili na juu. Upande wa chini ndio wenye siri yote: ncha ya nailoni iingie ndani ya mlango, isibaki nje ya bati. Hapo maji yanayoteleza juu ya nailoni hurudi mlangoni na kutoka kwenye matundu. Ncha ikiachwa nje, umejenga mfereji unaopeleka maji moja kwa moja kwenye kibao. Mahali pa mhimili wa mkono wa kuzungushia kioo pakate msalaba mdogo tu, usitoboe duara.

Sasa kibao. Unene uwe milimita 3. Mafundi wengi hutumia tripleksi ya milimita 4 kwa kuwa ndiyo iliyopo, halafu wanashangaa klipsi hazifiki kwenye bati na mkono wa kioo unashika ncha ya mhimili tu. Shingo ya klipsi imepimwa kwa kibao chembamba. Ukiwa na kibao cha zamani, hata kama kimeoza, kitumie kama kipimo. Kama kimepotea, bandika karatasi nyeupe juu ya mlango na ulaze penseli ukiisugua: matundu yote yatajichora. Kata, toboa, jaribu kibao kitupu mlangoni hadi kila klipsi iingie. Halafu paka vanishi mara mbili, mbele, nyuma, ukingoni kote na ndani ya kila tundu, uache saa 24 kati ya mkono mmoja na mwingine. Ukingo upake mara tatu.

Skai ikatwe na ziada ya milimita 25 kuzunguka. Bandika sponji ya milimita 3 usoni pa kibao, kisha skai igandishwe nyuma tu, kwenye ile ziada. Anza katikati ya juu, halafu katikati ya chini, halafu kushoto na kulia. Pembe ziwe za mwisho, zikatwe umbo la V ili zisirundikane. Penye mviringo wa ndani kata mikato midogo, na kila mkato ukome milimita 3 kabla ya ukingo, la sivyo utaonekana mbele. Usitumie stapla. Pini ya stapla ya milimita 6 katika kibao cha milimita 3 itatokeza usoni na kutoboa skai.

Kabla ya kurudisha kibao, pandisha na kushusha kioo mara tano, funga na kufungua loki. Klipsi za chuma zitie grisi kidogo kichwani, kwa sababu zinakwaruza rangi na kutu huanzia hapo. Tundu la bati likiwa limelika na kutu, usijaze gundi. Fundi bati aweke kipande kidogo cha bati kwa riveti na kutoboa upya. Bonyeza kibao kwa kiganja juu ya kila klipsi, moja baada ya nyingine. Ngumi katikati ya klipsi mbili huvunja kibao.

Jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi hadi ujifunge, kisha ufungue kwa mkono wa ndani na wa nje. Loki ikikubali, ndipo ufunge mlango. Ukifunga mlango wakati fimbo ya loki imechomoka, utavunja kibao kipya kwa mikono yako mwenyewe ili utoke.

Visi (skrubu) za kushikia mkono wa mlango ziwe na urefu gani? Za kwangu zimekwaruza kioo.

Kwaruzo lililonyooka kutoka juu kwenda chini, karibu na mkono wa mlango, ni visi ndefu. Kwa vipande vinavyofungwa moja kwa moja kwenye bati kupitia kibao, visi ya kujitoboa Namba 8, yaani milimita 4.2, yenye urefu wa milimita 13 inatosha. Ya milimita 19 itumike tu pale unene wa kipande chenyewe unapoihitaji, na baada ya kupima kwa waya umbali uliopo hadi kioo kikiwa kimeshuka. Vipande vyepesi vya ukingoni vichukue Namba 6, milimita 3.5, pamoja na rondela (washa) za kikombe ili kichwa kisizame kwenye skai. Tundu likilegea, watu huhamia visi nene zaidi. Ni afadhali kuweka nati ya bati ya kubana, itadumu.

Karmann Ghia kupe (ya paa la bati lisilofunguka), Likasi. Kitambaa cha paa kilibandikwa juu ya bati kwa gundi ya fundi viatu mwezi wa sita. Mwezi wa kumi kimeshuka chote, kinagusa kichwa. Nitumie gundi gani?

Mzee wetu, gundi ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba kitambaa cha gari hilo hakibandikwi kwenye bati la paa. Karmann Ghia ya Volkswagen, iliyoundwa Osnabrück kuanzia 1955 hadi 1974, ina paa la kuning'inia: fimbo za chuma zilizopinda hupita ndani ya mifuko iliyoshonwa mgongoni mwa kitambaa, na gundi hushika kingo tu, kuzunguka kioo cha mbele, cha nyuma na juu ya milango. Porsche 911 kupe za zamani nazo zina mpango huo. Kama fimbo bado zipo, rudi kwenye mpango huo. Kama fundi alizitupa, fundi chuma anaweza kupinda nyingine, lakini apime juu ya paa lenyewe, maana kila fimbo ina mpindo wake.

Fimbo zilizopo zipe namba kwa utepe, kutoka mbele kwenda nyuma, na uandike ncha ya kila moja ilikaa tundu lipi. Zikibadilishana nafasi, kitambaa kitakuwa na mawimbi ambayo hakuna moto wala jua litakaloyaondoa. Kitambaa cha zamani usikitupe: fumua, pasi, kitumie kama kielelezo, na uongeze sentimita 5 ukingoni.

Vioo vya mbele na nyuma lazima vitoke. Tunajua watu huogopa kuvivunja, na wengine hujaribu kusukuma ukingo wa kitambaa chini ya mpira kwa bisibisi. Kazi hiyo haishiki mwaka.

Sasa gundi. Ile ya njano ya fundi viatu ni gundi ya kugusanisha, na ya kawaida huanza kulainika inapofika kati ya nyuzi joto 60 na 70. Bati la paa kwenye jua la Katanga mwezi wa kumi hufika huko bila shida. Nunua iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inahimili nyuzi 100 au zaidi. Paka pande zote mbili, bati na kitambaa, tabaka jembamba. Subiri dakika 10 hadi 15, mpaka kidole kikigusa hakitoki na nyuzi. Ukiunganisha kabla ya hapo, umeifungia petroli ya gundi ndani, nayo itatoka kwa kupuliza mapovu.

Hali ya hewa pia ina neno. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni baridi. Gundi hutaka walau nyuzi 18, kwa hiyo anza saa nne, usianze saa moja. Wakati wa mvua kuna tatizo jingine: gundi inapokauka hupoza uso wake, unyevu wa hewa hutua juu yake kama umande, na gundi hubadilika kuwa nyeupe kidogo. Ukiona weupe huo, usibandike. Mvuke ukishatoka, ipashe kwa mashine ya saluni ya kukausha nywele hadi weupe uondoke. Na tafadhali, mbabula (jiko la makaa) isiwe karibu. Mvuke wa gundi ni mzito, hutambaa chini, na huwaka kwa cheche moja. Milango yote iwe wazi.

Mpangilio ni huu. Pitisha kwanza waya wa taa ya ndani. Ingiza fimbo mifukoni, ning'iniza kitambaa, weka alama ya chaki katikati, mbele na nyuma. Vuta mbele katikati, kisha nyuma katikati, ukishika kwa vibanio vya nguo bila gundi. Kisha pande, kushoto kidogo, kulia kidogo. Liache gari juani alasiri mbili. Kitambaa cha vinili kitalegea na kujinyoosha, nawe uvute tena. Ndipo upake gundi, kipande cha sentimita 30 kwa wakati mmoja. Ziada usiikate mpaka saa 24 zipite. Mikunjo midogo iliyobaki ipashe kutoka umbali wa sentimita 20, ukisogeza mashine bila kusimama.

Tapi la gari langu linanuka uvundo kila wiki. Nimelifua mara tatu. Bukavu.

Bukavu mvua hazina haraka ya kuondoka, kwa hiyo acha kufua na utafute mahali maji yanapoingilia. Toa tapi lote pamoja na kilicho chini yake. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira, akianzia chini: sakafu kwanza, kisha milango, kisha chini ya kioo cha mbele, mwisho paa. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Dakika tano kila sehemu. Tazama hasa matundu ya maji yaliyo mbele ya kioo, chini ya boneti. Majani huyaziba, na maji hugeukia miguu ya dereva.

Chini ya tapi magari mengi ya zamani yana blanketi la nyuzi za katani au pamba. Linashika maji kama sifongo na kuozesha bati. Weka badala yake sponji ya seli zilizofungika, milimita 5 hadi 6, isiyonyonya. Sakafuni usigandishe tapi. Lilazwe tu, lishikwe kwa vifungo, ili liweze kutolewa na kuanikwa. Gundi iende kwenye kingo za milango na juu ya handaki la gia (mgongo wa bati katikati ya sakafu) peke yake. Kwa wenye MGB za kabla ya katikati ya miaka ya 1970: nyuma ya viti, chini ya tapi, kuna kibao kinachofunika beteri mbili za volti 6. Hapo pia pasiwe na gundi, kwani maji ya beteri hukaguliwa kupitia hapo.

Goma: vioo vya milango vinachubuka tangu nibadilishe tapi na vibao. Nimetia oili kwenye reli za kioo ili viteleze.

Oili ndiyo adui. Vumbi la mawe ya lava lina chembe ngumu za kioo cha volkano. Oili huzikusanya kwenye kitambaa cha reli, na reli hugeuka msasa. Toa reli, zioshe kwa maji ya sabuni na mswaki, zikauke kabisa. Kitambaa kikiwa kimelika mpaka bati linaonekana, badilisha reli. Kilainishi kiwe cha silikoni kinachokauka. Kioo chenye vumbi kimwagie maji kwanza kabla ya kukishusha.

Nimepata dashibodi na seti ya tapi kwa bei nzuri upande wa Zambia. Ninunue?

Uliza kwanza usukani uko upande gani. Zambia wanaendesha kushoto na usukani uko kulia. Gari lililoingia Kongo likiwa jipya lina usukani kushoto. Vibao vya milango, viti na kitambaa cha paa kwa kawaida havijali upande. Dashibodi haitaingia kabisa. Seti ya tapi itakuwa na pedi ya kisigino upande wa abiria na tundu la usukani mahali pasipo na usukani. Hata ukiagiza Uingereza, andika wazi kwamba gari ni la usukani wa kushoto, maana usipoandika watatuma la kulia.

Mimi ni mshonaji, Soko la Kenya, Lubumbashi. Mteja ameleta viti vya Triumph TR6. Nimeshona skai kwa cherehani ya mguu, lakini mshono unachanika kama stempu. Kosa liko wapi?

Mama, umetaja jibu mwenyewe: stempu. Mishono ni mifupi mno, na kila tundu linadhoofisha skai. Weka urefu wa milimita 4. Sindano iwe Namba 100 au 110 yenye ncha ya mviringo. Ile ya ngozi ina ncha inayokata. Kwenye ngozi halisi inafaa, kwenye skai inafungua njia ya kuchanika. Uzi uwe wa poliesta Namba 40. Wa pamba huoza kwa jasho na jua. Skai ikigandamana na mguu wa cherehani, weka ukanda wa karatasi nyembamba juu yake, ushone, kisha uichane.

Kabla ya kufumua kifuniko cha zamani, chora mistari midogo ya kuvuka mshono kila sentimita 5, na uandike kiti cha kushoto na cha kulia. Mistari hiyo ndiyo itakayokuambia kipande kipi kilivutwa kidogo ili kifuate mpindo. Skai huvutika zaidi upande mmoja. Jaribu kwa mikono, na upande unaovutika uende kwa upana wa kiti.

Kifuniko kipya kikionekana kikubwa, usikipunguze haraka. Sponji ya miaka hamsini imesinyaa. Ongeza tabaka la sentimita 1 juu yake. Wakati wa kuvalisha, funika sponji kwa mfuko wa nailoni ili kifuniko kiteleze, halafu uvute mfuko utoke. Skai ikae juani nusu saa kwanza.

Boliti moja ya mkanda wa kiti imepotea nilipoweka tapi. Ya M10 inaingia. Inatosha?

Haitoshi, na usiendeshe nayo. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1960 na kuendelea hutumia boliti ya mkanda ya inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi, yenye kipenyo cha milimita 11.1. M10 huingia kwa kuwa ni nyembamba, na siku ya ajali itachomoka. M12 ikilazimishwa hukata nyuzi za nati iliyochomelewa kwenye bodi. Tafuta ya 7/16 yenye daraja la boliti za mikanda, hata ikitoka kwenye gari jingine, mradi haijapinda wala kuliwa na kutu.

Matundu ya boliti kwenye tapi yasitobolewe kwa drili: ncha yake hukamata uzi mmoja na kuufumua hadi upande wa pili. Choma kwa msumari ulioshikwa na koleo na kupashwa moto, nyuzi za tapi zitayeyuka na kujifunga. Tundu liwe pana kuliko rondela, ili boliti ibane chuma kwa chuma. Tapi likibanwa katikati, litabonyea baada ya wiki chache na boliti italegea, hata kama uliikaza kwa nguvu zako zote.